Binti Karudi kutoka Uarabuni, Anasikia Sauti: Maswali ya Familia kuhusu Kiwewe na Saikosisi

Tumchukue binti wa mfano. Aliondoka Tanga miaka miwili iliyopita kwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Miezi ya mwanzo alituma pesa na picha, kisha simu ikawa haipatikani. Amerudi na begi moja dogo. Siku tatu za kwanza nyumba ilijaa watu, pilau ikapikwa, wazee wakasoma dua. Wiki ya pili mama yake akagundua kwamba mtoto halali. Usiku kucha anakaa sebuleni, mgongo ukutani, macho mlangoni. Wiki ya tatu akaanza kumwitikia mtu ambaye wengine hawamsikii: "Abee, nakuja." Chai aliyopikiwa na dada yake akaikataa, akasema imetiwa kitu.

Binti huyu hana jina kwa sababu walio kama yeye ni wengi. Wanawake kwa maelfu kutoka Tanzania, Kenya na Uganda hufanya kazi za ndani katika nchi za Ghuba, na wapo wengi wanaorudi salama, wakajenga na kusomesha. Lakini chini ya utaratibu uitwao kafala, kibali cha mfanyakazi kukaa nchini hufungamanishwa na mwajiri wake. Akidhulumiwa akatoroka, yeye ndiye anayegeuka mkosaji. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Humo wanawake walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane, kunyimwa mshahara, kupigwa na kudhalilishwa kijinsia.

Majibu yanayofuata yanawafaa pia waliopitia mambo mengine: aliyenusurika meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi mwaka 2011, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Garissa siku ya shambulio la Aprili 2015, aliyekimbia vita Kivu, au mke aliyepigwa miaka kumi ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Je, amekuwa kichaa?

Neno hilo liwekeni kando, maana halimwelezi wala halimsaidii. Kuna mambo mawili hapa, na mara nyingi huja pamoja.

La kwanza ni kiwewe. Mtu akipita kwenye hatari kubwa, ubongo wake hujifunza kukaa zamu. Hatari ikiisha, kwa walio wengi zamu nayo huisha baada ya wiki kadhaa. Kwa wengine haiishi. Mwili unaendelea kulinda kama mlinzi ambaye hajaambiwa kwamba vita vimekwisha: moyo unadunda, usingizi unakatika, sufuria ikianguka jikoni anaruka. Kumbukumbu nazo haziji kama kumbukumbu. Zinakuja kama jambo linalotokea sasa hivi, pamoja na harufu yake na maumivu yake.

La pili ni saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza mpaka kati ya kinachotoka ndani ya fikra zake na kinachotoka nje. Anasikia sauti, anaona watu, au anaamini kwa uhakika usiotikisika kwamba anafuatwa au anawekewa sumu. Hadanganyi wala haigizi. Sauti anayoisikia inamfikia masikioni kama sauti yako inavyomfikia.

Haya mawili yana undugu. Utafiti uliojumlisha tafiti nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kuwa watu walioteswa, kudhalilishwa au kutelekezwa utotoni wana uwezekano wa kupata saikosisi karibu mara tatu ya wengine. Kukosa usingizi kwa muda mrefu peke yake kunaweza kumfanya mtu asikie visivyokuwapo. Tena zisikilizeni sauti zenyewe. Yule binti anaitikia "abee" kwa mtu anayemwamrisha. Sauti hiyo imetoka mahali fulani katika maisha yake.

Wazee wanasema karudi na jini. Tumpeleke kwa mganga au hospitali?

Pwani yetu imezoea kuwapanga pepo kwa makabila yao, na binti akirudi kutoka Uarabuni anazungumza peke yake, haishangazi mtu kusema ni ruhani, yaani pepo wa Kiarabu. Sitamdharau mzee anayesema hivyo. Anatafuta maelezo ya jambo linalotisha, na ametumia lugha aliyorithi. Kusomewa Kurani na mtu mwenye huruma, au kuombewa kanisani na watu wanaomshika mkono kwa upole, kunaweza kumtuliza mgonjwa na kumwonyesha kuwa bado ni wa jamii hii. Hospitali nayo haimzuii mtu dua.

Kuna mipaka, hata hivyo, ambayo familia isikubali ivukwe. Asichapwe ili jini litoke. Asifungwe. Asinyimwe chakula kwa jina la mfungo wa tiba. Asiambiwe aache dawa za hospitali ili "zisigombane" na kombe, yaani maji ya maandishi ya Kurani anayonyweshwa. Na kuhusu kufukizwa: kumfunika kwa shuka gubigubi juu ya chetezo, wakati ni mtu aliyewahi kubanwa na kushikwa kwa nguvu, ni kumrudisha alikotoka. Hata udi peke yake uangalieni. Nyumba nyingi za Oman hufukizwa udi. Kwetu harufu ile ni ya harusi na Idi, kwake yeye inaweza kuwa harufu ya nyumba aliyoteseka.

Hospitali msiiache iwe ya mwisho, baada ya pesa kuishia kwa waganga. Saikosisi inapotibiwa mapema, matokeo huwa mazuri zaidi kuliko ikiachwa miezi na miaka.

Hospitali watamfanyia nini? Na tuanzie wapi?

Anzeni na mwili. Mtu kuchanganyikiwa si mara zote ugonjwa wa akili. Malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kaswende ya muda mrefu, virusi vya Ukimwi, kifafa, tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, sukari kushuka, baadhi ya dawa na kuacha pombe ghafla, vyote vinaweza kuleta dalili hizi. Mwanamke aliyejifungua majuma machache yaliyopita akaanza kusikia sauti ni dharura ya siku hiyohiyo. Ikiwa kuna homa, shingo kukakamaa, degedege, au amepotelewa na fahamu za mahali na siku, msisubiri kuche.

Kituo cha afya au hospitali ya wilaya inatosha kuanzia, na kutoka hapo mtapewa rufaa. Tanzania ina Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma, iliyopo tangu 1927, na kitengo cha afya ya akili Muhimbili. Unguja ipo Kidongo Chekundu. Kenya ina Mathari jijini Nairobi, iliyoanza mwaka 1910, na Mombasa kuna huduma hiyo Port Reitz. Najua majina kama Mirembe na Mathari yametumiwa mitaani kama matusi, na wapo wazazi wanaochelewa kwa miaka kwa kuogopa tu mtoto wao asije akaitwa "wa Mirembe". Msichelewe kwa ajili ya midomo ya watu.

Mkifika, jambo moja mlitaje hata kama hamkuulizwa: kwamba kuna yaliyompata. Daktari akiambiwa tu "anasikia sauti", atatibu sauti. Akiambiwa "alikuwa amefungiwa ndani mwaka mzima, amerudi hivi", atajua kwamba kuna kazi ya pili. Si lazima mseme asichotaka kisemwe. Ombeni ahudumiwe na mwanamke ikiwa ndivyo atakavyo, na apewe nafasi ya kuzungumza na mhudumu bila nyinyi kuwapo. Vipimo vya mimba, virusi vya Ukimwi na magonjwa ya zinaa aelezwe na aombwe ridhaa yake, visifanywe kwa siri kati ya mama na daktari.

Akisema anaitwa, tumwambie hakuna mtu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na watu hukosea kwa kwenda pande zote mbili.

Wapo wanaobishana. "Wewe, hakuna mtu hapo! Unasikia nini? Acha mambo yako!" Hapo mmemwambia kwamba masikio yake yanadanganya na kwamba hamko upande wake. Atanyamaza, lakini sauti haitanyamaza; kilichobadilika ni kwamba sasa anaisikia akiwa peke yake. Na wapo wanaokubali, wakaenda kufungua mlango, wakamfukuza mtu wasiyemwona, wakidhani wanamridhisha. Hao wamemthibitishia kwamba adui yupo kweli.

Njia ya katikati ipo, na inaanzia kwenye hofu. Anachokiogopa huenda hakipo. Hofu yenyewe ipo, inaonekana kwenye mikono inayotetemeka. Hiyo ndiyo ijibiwe. Mama anaweza kusema: "Mwanangu, mimi siisikii hiyo sauti, lakini naona imekutisha. Niko hapa. Hutoki kwenda popote usikotaka." Maneno machache, polepole, kwa sauti ya chini. Kaa pembeni yake, usimsimamie mbele wala usimzibe njia ya mlango. Usimguse ghafla, hasa kutoka nyuma, sema kwanza, "Naweza kukushika mkono?" Zimeni televisheni. Watoto na majirani watoke, abaki mtu mmoja anayemwamini.

Kama amezama kwenye kumbukumbu, anakuona wewe lakini anamwona na mwajiri, mrudishe kwa vitu vilivyopo. "Upo Tanga. Leo Jumanne. Huyu ni dada yako. Gusa huu mkeka." Maji ya baridi usoni, ikiwa atakubali. Mtajie mti ulio uani. Nimeshangazwa na jinsi jambo dogo kama kukanyaga ardhi bila viatu linavyowarudisha watu nyumbani.

Baadaye, akiwa ametulia, inafaa kumuuliza sauti zinasema nini. Watu huogopa swali hili wakidhani litazichochea, halizichochei. Tena kuna jambo mnalopaswa kulijua: je, zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu? Jibu likiwa ndiyo, nendeni hospitali leo.

Na jambo moja la zama zetu: msimrekodi. Video iliyochukuliwa "ili ndugu walioko mbali waone hali" itafika vikundi vya WhatsApp vya mtaa mzima kabla ya magharibi, na atakapopona ataikuta huko.

Tumfungie ndani asipotee?

Hapa ndipo familia hukosea kwa mapenzi, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kitako.

Fikirini walichomfanyia kule. Mlango ulifungwa kwa nje. Simu ilichukuliwa. Pasipoti ikafichwa. Hakuchagua ale nini wala saa ngapi alale. Alifuatwafuatwa. Akisema amechoka, hakusikilizwa. Sasa amerudi kwa watu wanaompenda, nao kwa woga wanafunga mlango kwa kufuli, wanamnyang'anya simu "asije akapiga huko", wanaficha pasipoti kabatini, wanamwambia kula, lala, kaa hapa, usitoke. Nia ni tofauti kabisa. Lakini mlango ukifungwa kwa nje, mwili wake hauulizi nani kaufunga.

Kwa hiyo kila mnalotaka kumfanyia kwa ajili ya usalama wake, lipitisheni kwenye swali hili kwanza: linafanana na alichofanyiwa? Likifanana, tafuteni namna nyingine, na karibu kila mara ipo. Badala ya kufuli la nje, wekeni komeo la ndani ya chumba chake ambalo yeye ndiye analifunga, la aina ambayo mtu wa nje anaweza kulifungua kukiwa na dharura. Mmoja wenu alale chumba kimoja naye, akiridhia, taa ndogo ikiwaka. Akitaka kutoka saa tisa usiku, tokeni naye mkae barazani. Mara nyingi baada ya nusu saa anarudi mwenyewe. Mwenye duka na bodaboda wa kijiweni waombeni wapige simu wakimwona anaelekea mbali. Mwekeeni mfukoni karatasi yenye namba zenu. Pasipoti yake mrudishieni mkononi; aitie yeye mahali anapopajua.

Vinavyopaswa kufungiwa ni vitu: visu, sumu ya panya, dawa za shambani, mafuta ya taa, na akiba ya vidonge.

Minyororo na kamba bado vipo. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2020 ilieleza kuwa watu wenye maradhi ya akili hufungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, Afrika Mashariki ikiwamo. Familia nyingi zinazofanya hivyo si katili. Zimeishiwa, na hakuna aliyezisaidia. Hata hivyo kamba inakata nyama, inaozesha jeraha, na kwa mtu mwenye kiwewe inathibitisha lile lile alilokuwa akiliogopa. Ikifika mahali pa hatari ya kweli, ameshika panga au anataka kuruka, itisheni watu wazima watatu au wanne watulivu, mmoja tu azungumze, asipigwe, apelekwe hospitali. Sheria za afya ya akili za Tanzania na Kenya zinaruhusu mgonjwa aliye hatarini apokewe kwa matibabu hata asipokubali, kwa utaratibu unaosimamiwa na wataalamu. Njia ya kisheria ndiyo hiyo.

Hataki dawa. Tuzitie kwenye uji?

Msifanye hivyo. Najua inavyoshawishi, na najua nyumba nyingi zinafanya. Lakini huyu ni mtu anayeamini kwamba anawekewa kitu kwenye chakula. Siku atakapoona unga mweupe chini ya kikombe, na siku hiyo itafika, atakuwa amepata ushahidi. Baada ya hapo hatakula mkononi mwa mama yake.

Muulizeni kwa nini hataki. Sababu huwa za maana: zinamlaza mchana kutwa, zinamnenepesha, anaona aibu, au anaamini anayekunywa dawa hizo ndiye kichaa. Mpeni uchaguzi pale uwezekano ulipo: asubuhi au usiku, kwa maji au kwa juisi, akae na vidonge yeye au akae navyo dada. Avifungue mwenyewe kutoka kwenye pakiti yake. Pikeni mbele yake, na mle sahani moja. Kama kumeza kila siku ni mzigo, muulizeni daktari kuhusu sindano ya mwezi, ambayo dawa yake hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Lakini na hiyo aikubali yeye.

Tangu aanze dawa shingo imepinda. Jini linapinga?

Hapana. Ni dawa. Haloperidoli na klopromazini, ambazo ndizo zinazopatikana zaidi hospitali zetu, zinaweza kukakamaza misuli: shingo kupinda, macho kupanda juu, ulimi kuwa mzito, mate kutiririka, mikono kutetemeka, au mtu kushindwa kabisa kutulia, akawa anatembea huku na huko. Inatisha kuitazama na inatibika. Mrudisheni hospitali upesi, kuna dawa ya kuondoa hali hiyo, na dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa wote ni dharura.

Kuna jambo jingine ambalo wahudumu husahau kulieleza, nalo limevunja heshima ya mabinti wengi majumbani. Baadhi ya dawa hizi husimamisha hedhi, na zinaweza hata kutoa maziwa kwenye matiti ya mwanamke asiye mjamzito. Kabla hamjaanza kunong'ona kuhusu mimba, fanyeni kipimo, kisha mmwambie daktari.

Msimwachishe dawa kwa sababu "sasa yuko sawa". Yuko sawa kwa sababu ya dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unashauri kwamba aliyepata saikosisi kwa mara ya kwanza aendelee na dawa angalau miezi 12 baada ya dalili kuisha, na kuziacha kufanywe polepole, daktari akiangalia. Bangi, miraa, mugoka na pombe viwekwe mbali naye.

Tumuulize kilichompata?

Msimhoji. Shangazi akimkalisha na kumwambia "tueleze yote upunguze moyo" anamlazimisha kuyapitia tena mbele ya hadhara, na wataalamu wameshaacha kushauri jambo hilo. Mwambieni mara moja tu: "Siku ukitaka kusema, nitakusikiliza. Usipotaka, haidhuru." Kisha mlitimize. Siku akianza kusema, labda mnapochambua mchele, nyamazeni. Msimuulize kwa nini hakutoroka. Msimwambie wenzake walivumilia. Aliyosimulia yasiende kwa jirani.

Kuyazungumza kwa kina kuna mahali pake, kwa mshauri aliyefunzwa. Zamani madaktari waliogopa kwamba kugusa kiwewe cha mtu mwenye saikosisi kutamharibu zaidi. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2015, ukihusisha wagonjwa 155 wenye hali zote mbili, ulionyesha kuwa tiba ya kiwewe iliwasaidia bila kuwazidishia dalili. Wala si lazima mshauri awe profesa. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwaongoza wenzao kusimulia maisha yao kwa mpangilio, tangu utoto hadi leo, mpaka lile tukio likapata mahali pake kama jambo lililopita, na utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha nafuu.

Jifunzeni vinavyomwamshia hofu: kengele ya mlango, mlio fulani wa simu, Kiarabu cha kwenye televisheni, sabuni ya kuondoa madoa, tarehe. Wanyarwanda wanalijua hili la tarehe kuliko sisi. Kila Aprili, inapofika kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, walionusurika wengi hushikwa upya, na lugha yao ina jina la hali hiyo: ihahamuka. Na nyinyi wekeni alama kwenye kalenda yenu.

Na pesa zake?

Swali hili huulizwa kwa minong'ono, na mgonjwa huisikia kuliko sauti zote. "Miaka miwili, karudi na begi moja?" Wakala anadai. Kaka aliyejengewa msingi anauliza ukuta utapandishwa lini. Binti analala na aibu ya kurudi mikono mitupu, na aibu ni chakula cha sauti zile.

Mkubwa wa nyumba, baba au mjomba, amwite, amwambie waziwazi: "Hatukudai kitu. Umerudi mzima, yatosha." Lisemwe na mtu mwenye uzito, mbele ya ndugu waliokuwa wakinong'ona. Madai dhidi ya wakala au mwajiri yafuatiliwe na ndugu mwingine, nyaraka zikusanywe, yeye asiburuzwe ofisi kwa ofisi. Kwa maoni yangu hili ni sehemu ya tiba sawa na kidonge.

Ni hatari kwa watoto? Na akisema anataka kufa?

Wengi wenye saikosisi hawamdhuru mtu; wao ndio hupigwa, hubakwa na huibiwa zaidi. Hatari hupanda pale anaposikia amri, anapolewa, au anapoamini kuwa mtu fulani wa nyumbani anataka kumuua. Hapo msimwachie mtoto mchanga amlee peke yake.

Kuhusu kufa, muulizeni moja kwa moja: "Umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii mtu wazo. Humpa nafasi ya kulitua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika, na aende hospitali. Wakenya wasizuiwe na hofu ya polisi: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Kenya pia ina namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, isiyotozwa, ya kuzungumza na mshauri.

Atapona?

Skizofrenia, ambayo ndiyo aina ya saikosisi inayoogopwa zaidi, inawapata watu wapatao milioni 24 duniani, na Shirika la Afya Duniani linasema angalau mmoja kati ya watatu hupona kabisa. Wengine huishi nayo kama watu wanavyoishi na kisukari, wakifanya kazi na kulea. Saikosisi iliyoletwa na kiwewe, kukosa usingizi au ugonjwa wa mwili mara nyingi huisha chanzo kikitibiwa. Kurudi nyuma kupo. Dalili ya kwanza ya kurudi nyuma mara nyingi huwa ni usingizi kuvurugika, kwa hiyo hesabuni saa anazolala.

Sisi tumechoka. Tufanyeje?

Wekeni zamu, na iandikwe. Mara nyingi mzigo wote huangukia kwa mama au dada mmoja ambaye hajaolewa, huku wanaume wakiuliza kwa simu "anaendeleaje". Anayelinda usiku alale mchana, na mwenye kipato alipe nauli ya kliniki. Mlezi anayelia bila sababu au asiyelala wiki mbili naye amwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo mgonjwa anapokwenda kuchukua dawa.

Na kama binti huyu yuko nyumbani kwenu leo, kesho asubuhi muulizeni amelala saa ngapi, mle naye sahani moja, mumwombe mwende pamoja kituo cha afya, na mumwache achague nguo za kuvaa na nani wa kumsindikiza. Usiku mtakaporudi, ufunguo wa chumba chake mpeni akae nao yeye.